Sakafu za Marumaru na Terazo: Namna ya Kuzitunza Katika Joto na Vumbi

Katika kata ya Kwashemshi, kama ilivyo katika maeneo mengi ya Korogwe na Handeni, vumbi jekundu ni mgeni asiyebisha hodi. Kila kiangazi huingia madarasani, zahanati, ofisini, katika nyumba za ibada na sebuleni mwetu. Wengi wetu huliona kuwa ni uchafu wa kufagiwa tu. Ukweli ni kwamba vumbi hilo husaga sakafu polepole, na mara nyingi dawa kali tunazotumia kuliondoa huiharibu sakafu kuliko vumbi lenyewe. Makala haya yanaeleza sababu za uharibifu huo na namna ya kuuzuia kwa gharama ndogo.

Tutambue kwanza aina ya sakafu

Neno “marumaru” hutumika siku hizi kwa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni marumaru halisi, yaani jiwe la asili lililochongwa kuwa mabamba. Cha pili ni terazo, ambayo hutengenezwa kwa vipande vidogo vya mawe, aghalabu ya marumaru, vilivyochanganywa na saruji kisha vikasagwa hadi vikalingana. Ufundi huu ulikuzwa na mafundi wa Venice nchini Italia, waliotumia mabaki ya marumaru yaliyobaki katika majengo ya matajiri. Cha tatu ni vigae vya kiwandani, ambavyo ni udongo uliochomwa.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu vigae vya kiwandani huvumilia dawa nyingi ambazo marumaru halisi na terazo haziwezi kuzivumilia. Asiye na uhakika aweke tone moja la maji ya ndimu katika kona iliyojificha. Likitoa povu dogo, sakafu hiyo ni ya marumaru au ina saruji, na haipaswi kuguswa na tindikali. Tone hilo lipanguswe mara moja kwa maji safi, kwani likiachwa litaweka doa.

Kwa nini vumbi huharibu sakafu

Wataalamu wa miamba hupima ugumu wa mawe kwa kipimo cha 1 hadi 10. Marumaru ina ugumu wa takriban 3, ilhali chembe za mchanga zilizomo katika vumbi zina ugumu wa 7. Kila hatua ya kiatu juu ya vumbi hilo ni sawa na kupitisha msasa juu ya sakafu. Mikwaruzo haionekani siku ya kwanza, lakini baada ya miezi kadhaa mng'ao hufifia, hasa mlangoni, mbele ya meza ya mapokezi na katika njia za kati za darasa.

Hivyo basi, kazi ya kwanza ni kulizuia vumbi lisiingie. Eneo la mbele ya mlango lisakafiwe au liwekewe kokoto. Mlangoni pawe na vikanyagio viwili, kimoja kigumu nje na kimoja cha kitambaa ndani, na vyote vikung'utwe kila siku mbali na mlango. Kwa kikanyagio cha nje hatuna haja ya kwenda mbali. Nyuzi za mkonge, zao lililoletwa katika pwani ya Tanga mwaka 1893 na ambalo bado linalimwa katika wilaya yetu, hukwangua vizuri udongo wa viatu.

Tindikali: mng'ao wa siku moja

Marumaru ni ndugu wa chokaa. Wakazi wa mkoa wetu waliowahi kutembelea mapango ya Amboni wameona jinsi maji yenye tindikali hafifu yalivyoweza, kwa muda mrefu sana, kuyeyusha mwamba wa chokaa na kuchimba kumbi kubwa ndani yake. Tindikali kali inayouzwa kwa ajili ya kusafishia vyoo hufanya kazi hiyohiyo sakafuni kwa dakika chache.

Mtu anapoimwaga juu ya terazo, huona povu na weupe, akadhani uchafu umetoka. Kilichotoka ni tabaka la juu la sakafu yenyewe. Sakafu hubaki na vinyweleo vilivyo wazi, hunasa vumbi zaidi, na baada ya wiki chache huonekana chafu kuliko mwanzo. Hapo mtu huongeza tindikali nyingine, na uharibifu huzidi. Siki, ndimu na ukwaju navyo huacha madoa, hivyo vikimwagika vipanguswe papo hapo.

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko ya sakafu. Dawa ya choo yenye tindikali isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, hata kwa kufuatanisha juu ya sakafu ambayo haijasuuzwa. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu. Gesi hiyo ndiyo iliyotumika kama silaha mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanaopiga deki katika majengo yetu mara nyingi ni akina mama na wanafunzi, na hufanya kazi hiyo katika vyumba vyenye madirisha machache. Wanafunzi wasikabidhiwe dawa hizi kwa hali yoyote.

Usafi wa kila siku

Nyumbani, ofisini na shuleni, vumbi liondolewe kwanza likiwa kavu, kwa ufagio wenye nyuzi laini. Kumwaga maji juu ya vumbi hulifanya tope, na dekio hulisugua tope hilo juu ya jiwe.

Kisha tumia dekio lenye unyevu lililokamuliwa vizuri, pamoja na ndoo mbili: moja ya maji yenye sabuni laini kidogo, nyingine ya kusuuzia dekio. Maji ya ndoo ya pili yabadilishwe mara yanapokuwa mekundu. Njia hii hutumia maji machache kuliko kumwaga ndoo nzima sakafuni, jambo la faida kwetu wakati wa kiangazi.

Mwisho, kausha kwa kitambaa. Katika joto letu maji hukauka upesi na kuacha alama nyeupe, hasa pale maji ya kisima yanapokuwa na chumvi. Nta ya sakafu nayo haifai sana katika mazingira yetu, kwa kuwa hulainika kwa joto, hunasa vumbi na husababisha utelezi. Nyuzi za chuma na unga wa kusugulia sufuria visitumike.

Katika zahanati

Vyumba vya wagonjwa visifagiliwe kwa ufagio mkavu, kwa sababu vumbi linaloruka hubeba vijidudu. Humo vumbi likusanywe kwa dekio lenye unyevu. Damu ikimwagika, mhudumu avae glavu, aifunike kwa kitambaa kinachofyonza, kisha atumie klorini ya asilimia 0.5. Kipimo hicho hupatikana kwa kuchanganya sehemu 1 ya dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji. Iachwe kwa dakika 10, ipanguswe, kisha sakafu ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa. Sakafu iliyoliwa na tindikali ni vigumu kuitakasa, kwa kuwa uchafu hujificha katika vinyweleo vyake.

Kung'arisha upya

Sakafu iliyofifia hurejeshwa kwa kusagwa na fundi mwenye mashine, akianza na jiwe la kusagia lenye chembe kubwa na kumalizia na lenye chembe laini sana. Asiruke hatua, kwani mikwaruzo ya jiwe la kwanza itabaki. Kazi ifanyike kwa maji ili kuzuia vumbi la saruji, ambalo hudhuru mapafu. Nyufa na mashimo yazibwe kabla ya kumaliza.

Ikumbukwe kuwa kila usagaji hupunguza unene wa sakafu, na tabaka la terazo mara nyingi halizidi milimita 20. Kusaga ni tiba ya mara chache, na hakuwezi kuchukua nafasi ya usafi wa kila siku.

Wajibu wetu

Majengo ya huduma yamejengwa kwa kodi zetu na kwa nguvu za wananchi. Kamati za shule na za zahanati zinashauriwa kuweka katika bajeti zao vikanyagio, mafagio laini, madekio, sabuni na glavu, kwani gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kusaga au kujenga upya sakafu. Mwananchi anayeona sakafu ya jengo la umma imepasuka, inateleza au inasafishwa kwa tindikali, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.