Amana ya Watoto wa Watu Katika Vilima vya Subukia

Katika nyumba nyingi za Pwani yetu, siku ya mahafali ya mtoto ni siku ya kushusha pumzi. Mzazi aliyeuza pambo la dhahabu ili kulipa karo humtazama mwanawe ndani ya joho, na moyoni huiona tayari afisi, meza na mshahara wa mwisho wa mwezi. Itakuwaje mwana huyo akisema kwamba kazi aliyoichagua ni kuwatembeza wanafunzi vilimani?

Swali hilo liliifikia nyumba moja ya Mombasa tunayoijua. Kijana wao, aliyetuomba tulihifadhi jina lake, alihitimu masomo ya mazingira, kisha akaenda Subukia, kwenye barabara itokayo Nakuru kuelekea Nyahururu, kuwafundisha watoto nje ya darasa. Baba yake hakugomba, alinyamaza. Na wanaozijua nyumba zetu wanajua kwamba kimya cha baba huweza kuwa kizito kuliko ukali wake.

Tulimtembelea mwezi wa Disemba, wakati wa likizo ya shule. Subukia ni nchi ya miteremko na mashamba, na asubuhi zake zina baridi tusiyoizoea sisi watu wa bahari. Mstari wa ikweta unapita maeneo hayo. Kijana alisimika fimbo ya mita moja kwenye nyasi, akawataka wanafunzi waweke kijiwe penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache. Ilipokaribia saa sita na nusu, kivuli kikawa kifupi kuliko vyote, chini ya nusu mita, nacho kimeelekea kaskazini. Akawaeleza kwamba mwezi wa Disemba jua huwa kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni mambo hugeuka. Na takriban tarehe 21 Machi fimbo hiyo hiyo ingekaribia kukosa kivuli adhuhuri. Kwa kuwa Makka iko kaskazini yetu, ikiinamia mashariki kidogo, wanafunzi Waislamu waliijua kibla bila kutazama simu. Wenzao nao waliijua kaskazini. Funzo lilikuwa moja, kila mmoja akachukua haja yake. Kisha tukasali Adhuhuri papo hapo nyasini.

Kazi hii si uzushi wa vijana wa leo. Shule ya Outward Bound ilifunguliwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1952, na Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 ili wanafunzi waijue nchi yao kwa macho yao. Nasi tusisahau kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mifugo ya watu wa Makka kabla ya kupewa utume. Kuchunga ni shule ya subira, na anayechunga mali ya mwenzake hujifunza kwamba jioni ataulizwa hesabu.

Tulimwuliza ni nini kilichomvuta huko. Alitaja usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba moja lilipopasuka huko Solai, eneo jirani na Subukia, na maji yakawaua watu zaidi ya 40, watoto wakiwa miongoni mwao. Yeye wakati huo alikuwa bado shuleni. Hadai kwamba somo la mto lingeuzuia msiba ule. Ulinzi wa mabwawa ni wajibu wa watu wazima wenye mamlaka. Anachoamini ni kwamba mtoto aliyefundishwa kuyafuata maji kwa miguu, kutoka mlimani hadi bondeni, atakua mtu wa kuuliza nani anayachunga.

Itikadi yake tuliiona katika matendo. Njia aliipita mwenyewe siku moja kabla. Alikuwa na orodha ya wenye pumu, dawa za huduma ya kwanza, na nambari za simu za wazazi. Alasiri mawingu yalipojikusanya, aliikatiza safari ya kupanda kilima walichokingojea watoto kwa wiki nzima. Wengine walinuna. Mvua haikunyesha. Hakujuta: kwake, mwenye kupewa amana hairudishi kwa kubahatisha.

Hatutaificha dhiki yake. Hulipwa kwa siku anazofanya kazi, na shule zikiwa hazina safari hana pato, ila kinachopatikana kwa kufundisha watoto hisabati jioni. Mzazi anayeuliza kuhusu riziki ana haki ya kuuliza. Lakini tunadhani lipo swali jingine la kuuliza pamoja na hilo: je, kazi hii inamfanya mwanangu awe mtu wa kuaminiwa?

Tuliporudi Mombasa tulipita kwa wazazi wake. Baba hakutuuliza habari za mshahara. Aliuliza kama ni kweli kwamba aliwarudisha watoto kabla ya kufika kileleni. Tulipomthibitishia, alikaa kimya kitambo, kisha akamwita mkewe, akamwambia atafute sweta nene na kifurushi cha tende, kwani kuna gari liendalo Nakuru kesho.

Mola awahifadhi vijana wetu popote walipo, na atujaalie sisi wazazi tuwe wepesi wa kuwasikiliza. Amin.