Igizo lisiloandikwa: Mazoezi ya mpakani kabla ya kufika mpakani

MWAKA 1973, nchini Peru, mwanamke mmoja asiyejua kusoma alileta kisa chake kwa kundi la waigizaji. Mumewe alikuwa akimwomba fedha kila mara, akisema anajenga nyumba yao mji mwingine. Kila alipochukua fedha alimkabidhi mkewe karatasi azitunze, akidai ni stakabadhi za ujenzi. Siku moja mama huyo aliingiwa na shaka, akampelekea jirani anayejua kusoma. Karatasi zile zilikuwa barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine.

Jioni hiyo mume alikuwa anarudi nyumbani. Mama alitaka kujua afanye nini.

Aliyeongoza kundi hilo alikuwa Augusto Boal, mwandishi na mwongozaji wa michezo ya kuigiza kutoka Brazil. Alikuwa amefungwa na utawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971, kisha akaenda kuishi uhamishoni. Peru alialikwa kusaidia mpango wa kufuta ujinga, katika nchi ambayo wengi walizungumza Kiquechua na lugha nyingine, si Kihispania pekee. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: waigizaji wanaigiza kisa mpaka penye utata, wanasimama, watazamaji wanapendekeza la kufanya, na waigizaji wanalijaribu papo hapo.

Kwa simulizi ya Boal mwenyewe, mtazamaji mmoja, mwanamke mwenye umbo kubwa, alisema mke azungumze na mumewe waziwazi, kisha amsamehe. Waigizaji wakajaribu. Akasema sivyo. Wakajaribu tena. Akasema bado sivyo, na hasira zikampanda. Mwishowe Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Mama yule akapanda, akashika ufagio, akamcharaza mwigizaji aliyekuwa mume. Aliporidhika kwamba sasa wamezungumza waziwazi, akamwagiza aende jikoni amletee yeye chakula.

Watu walicheka, lakini Boal aliondoka na somo zito. Mwigizaji hawezi kumsemea mtu jambo ambalo mtu huyo analijua kwa mwili wake. Tangu hapo akaacha kuwauliza watazamaji wamwambie la kufanya, akawaita wapande walifanye. Ndipo ulipozaliwa mtindo unaojulikana duniani kama jukwaa la mjadala.

Kwa anayevuka mpaka na mzigo kila wiki, kisa cha mtu aliyepewa karatasi asizoweza kuzisoma si kigeni. Na mbinu za kujenga hadithi bila maandishi zinaweza kumfaa kuliko anavyodhani.

Si jambo jipya kwetu

Afrika Mashariki haikusubiri Brazil kujifunza kuigiza bila kuandika. Vichekesho vya Tanzania vimekuwa vikichezwa hivyo tangu enzi za ukoloni. Miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, kama Muungano, vilijaza kumbi za baa kwa ngoma, sarakasi, vichekesho na maigizo. Igizo halikuwa na kitabu. Kiongozi alieleza hadithi, akagawa nafasi, na maneno yakazaliwa jukwaani. Watazamaji wakicheka, kipande kilirefushwa, wakinuna, kilikatwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya namna hiyo kijijini Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji walichagua wenyewe tatizo la kulijadili, wakalitengenezea igizo na ngoma, kisha wakalijadili hadharani.

Kazi zote hizo zina kanuni moja: kutokuwa na maandishi si kutokuwa na mpango. Anayepanda jukwaani bila kujua yeye ni nani ataishia kupiga kelele.

Nani, wapi, anataka nini

Mmarekani Viola Spolin, aliyefundisha michezo ya kuigiza kwa watoto wa wahamiaji mjini Chicago, alitoa kitabu chake mwaka 1963 ambacho walimu wa fani hii wanakitumia hadi leo. Msingi wake ni maswali ambayo kila tukio lazima liyajibu: ni nani hawa, wako wapi, wanafanya nini.

Chukua mfano wa wafanyabiashara wanaotaka kuigiza habari za Namanga. Wakisema wanaigiza “kuhusu rushwa”, igizo litakufa kabla halijaanza, maana rushwa haina miguu wala sauti. Wakisema wanaigiza mama wa Kitanzania mwenye magunia matano ya vitunguu, saa kumi jioni, na lori la kwenda Nairobi linaondoka saa kumi na moja, tayari kuna hadithi. Kila mtu ukumbini anaiona saa inavyokwenda.

Kisha wahusika. “Mfanyabiashara” si mhusika bado. Mhusika ni mtu mwenye haja ya leo: huyu mama kesho anatakiwa kulipa ada ya shule, na fedha zote ziko ndani ya magunia. Afisa naye asifanywe shetani. Amesimama tangu asubuhi, foleni haipungui, na mkubwa wake anataka kila mzigo uwe na karatasi. Kishoka anayezungukazunguka hapo ana haja yake pia: lazima aonekane kwamba bila yeye hakuna kinachopita.

Watu watatu, haja tatu, saa moja. Hapo hakuna anayehitaji kuandikiwa maneno.

Kupokea si kukubali

Kosa la kwanza la waigizaji wapya ni kukataa kile mwenzao anachokileta. Kishoka anasema: “Mama yangu, bila mimi mzigo huu unalala hapa.” Mama anajibu: “Mimi sina mzigo.” Watu watacheka mara moja, lakini hadithi imekufa. Magunia yametoweka na hakuna pa kwenda.

Mama mwingine anajibu: “Ukilala hapa, mwanangu, nani ataulinda?” Amepokea alichopewa, akaongeza chake. Sasa tunajua mzigo upo, mama anaogopa wizi, na kishoka amepata pa kumshika. Hadithi imesogea.

Tofauti hiyo ni muhimu. Kupokea hali ilivyo si kukubali unachodaiwa. Mama amekiri kwamba hatari ipo, lakini hajatoa hata senti. Wanaojua biashara ya mpakani wanaujua ustadi huo: anayekana kila kitu huzidisha mashaka, na anayekubali kila kitu hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwingereza Keith Johnstone, aliyechapisha kitabu chake cha kuigiza papo kwa papo mwaka 1979, alisisitiza jambo jingine: hadhi. Haikuwa hadhi ya cheo bali ya mwili. Nani anamtazama mwenzake machoni? Nani anajisogeza, nani anashikashika begi, nani anaongea haraka kana kwamba anaomba radhi? Mwigizaji akibadili jinsi anavyosimama, tukio zima hubadilika, hata kama maneno ni yaleyale.

Jaribio lake ni jepesi. Mama aseme, “Afande, naomba unieleze karatasi ipi inakosekana,” mara ya kwanza akiwa ameinamisha kichwa na kuzungusha khanga mkononi. Mara ya pili aseme hayohayo akiwa ametulia, magunia mbele yake, akisubiri jibu. Wanaotazama wataona ni watu wawili tofauti.

Johnstone alifundisha pia kwamba anayebuni hadithi hutazama nyuma zaidi kuliko mbele. Mwisho hautoki mbinguni, hutoka kwenye vitu vilivyokwisha kutajwa. Lori lililotajwa mwanzo lazima lirudi mwisho: limeondoka, au limesubiri.

Igizo linaloishia vibaya

Katika mtindo wa Boal, igizo la kwanza huisha kwa kushindwa. Afisa anauliza cheti cha asili ya bidhaa. Mama hakijui. Kishoka anamnong'oneza bei. Mama anatoa fedha bila stakabadhi, lori linaondoka na magunia, na ada imepungua. Kimya.

Kisha msimamizi, ambaye Boal alimwita jokeri, kama ile karata, anatangaza kwamba igizo linarudiwa tangu mwanzo. Yeyote akiona mahali ambapo mama angeweza kufanya vingine, apaze sauti: “Simama!” Kisha apande achukue nafasi ya mama. Nafasi ya afisa na kishoka haibadilishwi, maana mpakani hakuna anayekuchagulia afisa.

Wa kwanza anapanda na kufoka. Anayeigiza afisa anakunja uso na kumweka kando: foleni ndefu, mama subiri. Lori linaondoka bila magunia.

Wa pili anatoa simu na kumpigia mjomba wake mkubwa serikalini. Ukumbi unacheka. Jokeri anauliza: humu ndani wangapi wana mjomba huyo? Boal aliziita suluhisho za aina hii miujiza. Hazikatazwi, lakini watazamaji wanaulizwa kama zinawezekana kwa mtu wa kawaida.

Wa tatu haongei na kishoka. Anakwenda dirisha la forodha ya nchi anayotoka na kuomba cheti kwa utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Bidhaa yenye cheti hicho haitozwi ushuru wa forodha. Hapo anayeigiza afisa, kama anaijua kazi yake, anauliza: na cheti cha afya ya mimea kiko wapi? Maana vitunguu ni mazao, na msamaha wa ushuru haufuti ukaguzi wa mazao.

Mama wa tatu ana haki, lakini saa imekwenda. Lori limeondoka. Hapo mjadala unakuwa mkali. Mmoja anasema afike saa nne asubuhi badala ya saa kumi jioni. Mwingine anasema wafike watatu kwa pamoja, mmoja alinde mizigo wakati wawili wako dirishani. Mwingine anasema cheti cha mazao kitafutwe kabla ya kupakia. Hakuna jibu kati ya hayo lililotoka kwa mtaalamu. Yote yametoka kwa watu waliowahi kuachwa na lori.

Ndiyo maana kundi linalofanya mchezo huu linahitaji kujiandaa kwa ukweli. Anayeigiza afisa ajue taratibu zilizopo sasa, la sivyo igizo litawafundisha watu uongo. Na jina la afisa halisi lisitajwe, wala kisa cha mama aliyedhalilishwa kisiigizwe bila ridhaa yake. Jukwaa likigeuka mahali pa kumuumbua mtu, mwenye kisa cha kweli hatafungua mdomo tena.

Kutoka jukwaani hadi sheria

Boal mwenyewe aliona njia hii ikifika mbali. Aliporudi Brazil alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, akahudumu kuanzia 1993 hadi 1996. Vikundi vya wananchi viliigiza matatizo yao, mapendekezo ya watazamaji yakaandikwa, na hatimaye sheria 13 za jiji zikapitishwa kutokana na maigizo hayo. Boal alifariki dunia mwaka 2009.

Kwa vyama vya wafanyabiashara wadogo wa mipakani, gharama ya kuanza ni ndogo: viti vichache, khanga, begi, na watu wanaovijua vituo vyao. Kiswahili kinawatosha wa Namanga na Taveta, na wa Mutukula na Rusumo wanaelewana vya kutosha kucheza pamoja.

Mwanamke wa Peru aliyeshika ufagio hakubadilisha ndoa ya mtu siku ile. Aliyepigwa alikuwa mwigizaji tu. Lakini waliokuwapo walikwisha kuona kwamba mke yule angeweza kufanya kitu. Mama wa vitunguu akishasimama wima mara tano mbele ya afisa wa kuigiza, ya sita, mbele ya afisa wa kweli, haitakuwa mara yake ya kwanza.