Jasusi Aliyeondoka Jua Likitaka Kutua

Ijumaa moja nikiwa Malava, upande wa Kakamega, mvua ya alasiri ilitufungia ndani. Mwenyeji wangu akatuwekea kanda kuukuu za Mission: Impossible, mchezo wa majasusi wa Marekani ulioanza mwaka 1966. Kijana wake akaniuliza, "Mzee, yule mkubwa wao wa kwanza, Briggs, kaenda wapi?"

Mchezo wenyewe hausemi. Mwaka 1967 katoweka, na Peter Graves kakalia kiti.

Basi nikamweleza. Aliyeigiza Briggs, Steven Hill, alikuwa Myahudi mshika dini, na Sabato yao huingia Ijumaa magharibi. Jua likikaribia kutua bwana huyo huondoka, kazi imekwisha haijesha. Wakampunguzia sehemu zake, Martin Landau akazidishiwa, na baada ya mwaka mmoja hakuitwa tena. Akakaa karibu miaka 10 bila kuigiza. Baadaye alirudi, akapata sifa kubwa katika Law & Order, hata akafa mwaka 2016.

Mimi niliyewahi kufanya kazi ya zamu, nikiomba ruhusa ya sala ya Ijumaa kama mwenye kuomba mkopo, simcheki mtu huyo.

Kijana alinyamaza, kisha akairudisha kanda mwanzo amtazame tena.