Umeanguka na baiskeli, bega linauma: maji ya moto yasubiri kwanza

Kama umewahi kushuka mteremko wa Nkunga, wilayani Rungwe, ukiwa na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli, mvua ndiyo imekatika na udongo umekuwa kama sabuni, basi huhitaji kuelezwa ajali inavyotokea. Breki zinashika, tairi halishiki. Mzigo wa nyuma umeshaufanya usukani kuwa mwepesi, unageuka wenyewe, na kitu cha kwanza kufika chini ni bega.

Kinachofuata nacho unakijua. Watu wanakusanyika. Mmoja anasema pole, mwingine anasema hebu zungusha mkono tuone, wa tatu ana mjomba wake anayejua kuvuta. Ukifika nyumbani maji ya moto yako jikoni, chumvi ipo, kitambaa kipo, na mtu mwenye mikono ya nguvu anakusubiri. Makala hii inahusu saa hizo chache na wiki zinazofuata. Bega lile lile linaweza kupona hadi ukasahau ni lipi liliumia, au likakuachia mkono usiofika kichwani. Mara nyingi kinachotofautisha ni yaliyofanyika baada ya kuanguka.

Tuanze na hesabu ndogo. Ukishuka kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, na mteremko mzuri unakupa kasi hiyo bila hata kukanyaga pedeli, mwili wako una nishati sawa na ya mtu anayeanguka kutoka urefu wa mita 3.5. Yaani kama umedondoka kutoka juu ya paa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "ah, ni baiskeli tu", mkumbushe paa.

Sasa nguvu hiyo inaenda wapi? Papasa kati ya shingo na bega lako. Kuna mfupa mrefu mwembamba, unaitwa mtulinga. Huo ndio mfupa pekee unaounganisha mkono wako na kiwiliwili. Vingine vyote ni misuli na kano. Ukiangukia bega, pigo linasafiri ndani ya mtulinga kuelekea kifuani, na mfupa unapinda mpaka unakatika. Karibu mara nne kati ya tano hukatikia sehemu ya katikati. Usipovunjika, huenda zikachanika kano zinazoushikilia mtulinga kwenye ncha ya bega, na hapo utaona nundu juu ya bega, kama mfupa umeinuka.

Ukiangukia kiganja, mkono umenyooka, hadithi ni nyingine. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama chungwa, na kishimo kinachokipokea kwenye kombe la bega ni kifupi kama kisahani. Wakati wowote ule, sehemu ya chungwa inayogusa kisahani haizidi sana theluthi moja. Ndiyo maana unaweza kujikuna mgongoni na kurusha jiwe. Na ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa cha mwili. Chungwa linatoka kwenye kisahani, karibu mara zote kwa kwenda mbele.

Bila eksirei huwezi kuwa na uhakika, lakini unaweza kushuku. Bega lililoteguka hupoteza mviringo wake, linakuwa na kona kama bega la koti lililotundikwa kwenye msumari. Jaribu taratibu, bila kulazimisha, kuweka kiganja cha mkono ulioumia juu ya bega la upande wa pili huku kiwiko kikigusa kifua. Bega lililoteguka kwa kawaida halikubali. Pia gusa ngozi ya upande wa nje wa bega, pale wanajeshi wanapobandika nembo. Kama hapo pamekufa ganzi, kuna neva inayozunguka mfupa huo ambayo imevutwa au kubanwa, na mwambie daktari kabla hajakugusa.

Sasa turudi jikoni kwenye maji ya moto.

Kukanda si ujinga. Joto hulegeza misuli iliyokaza na huleta damu nyingi eneo hilo, na kwa mgongo uliochoka ni raha tupu. Tatizo ni wakati. Saa chache baada ya kuanguka, mishipa midogo ya damu iliyochanika bado inavuja ndani. Ukileta joto na kusugua, unaongeza uvujaji na uvimbe. Kama mtulinga umevunjika, mikono inayochua inasogeza ncha mbili kali za mfupa, na chini yake tu inapita mishipa mikubwa ya damu na neva zote za mkono. Kwa siku 2 au 3 za mwanzo, kitambaa kilicholowekwa maji baridi kitakusaidia zaidi kupunguza maumivu, dakika 15 hadi 20 kisha unapumzika, na maji ya Rungwe hayahitaji friji.

Na yule mjomba anayevuta? Hapa nitasema wazi: asivute. Najua wapo waliovutwa likarudi. Lakini bega lililoteguka mara nyingi lina kipande cha mfupa kilichomeguka pia, na ukivuta kwa nguvu bila picha unaweza kukivunja zaidi au kuichana ile neva. Hospitalini nako wanarudisha kwa mkono, ila baada ya picha, baada ya dawa ya maumivu, na polepole mpaka misuli ilegee. Mbinu zenyewe ni za zamani sana. Wagiriki wa enzi za Hippocrates walishaziandika, na ile ya daktari Mswisi Theodor Kocher, ya kuzungusha mkono hatua kwa hatua, ilitangazwa mwaka 1870.

Kosa la pili, baya kuliko la kuvuta, ni kusubiri. Umekandwa, umepewa dawa ya kupaka, maumivu yamepungua kidogo, unasema litakaa lenyewe. Bega lililoteguka halikai lenyewe. Kila siku linayokaa nje, misuli inajikunja na kovu linajaa kwenye kile kisahani. Siku ya kwanza linaweza kurudi kwa dakika chache. Likipitisha wiki 3 huenda ikahitajika kufungua kwa upasuaji, na matokeo hayawi mazuri kama ya siku ile ya kwanza. Kwa hiyo nauli ya kwenda Makandana, hospitali ya wilaya pale Tukuyu, au hospitali ya misheni Igogwe, hata kama inauma mfukoni, ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya mwezi unaofuata. Nenda siku hiyo hiyo. Na usichelewe hata saa moja ukiona ngozi juu ya mtulinga imenyanyuliwa na mfupa kama hema, vidole vimekuwa baridi au havina hisia, au unapumua kwa shida.

Njiani beba kanga. Ikunje pembetatu, pitisha chini ya mkono ulioumia, funga shingoni, kiwiko kikae pembeni mwa kifua. Mkono mmoja una kama asilimia 5 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 ana kilo 3.5 zinazoning'inia kwenye bega lililoumia kila anapopiga hatua, na kanga inazihamishia shingoni.

Wengi hushangaa kutoka hospitali bila hogo. Bega halifungwi hogo kama mguu. Mtulinga uliovunjika katikati, kama vipande havijaachana sana, hutibiwa kwa kitambaa hicho hicho cha shingoni na muda. Ikiwa vipande vimepishana sana au mfupa umefupika, daktari anaweza kupendekeza kuwekewa chuma. Utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2007 uliwalinganisha wagonjwa 132 wa namna hiyo, na baada ya mwaka mmoja waliowekewa chuma walikuwa na hali nzuri zaidi. Lakini upasuaji una gharama na hatari zake, na wengi wanapona bila kisu, kwa hiyo hilo ni la kujadili na daktari ukiwa na picha mkononi.

Sasa umerudi nyumbani. Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao hukosea, maana bega linadai vitu viwili vinavyopingana. Mfupa uliovunjika unataka utulivu: kwanza damu inaganda kati ya ncha, kisha inageuka kuwa gegedu laini, kisha mfupa mchanga. Kwa mtu mzima hiyo ni kazi ya wiki 6 hadi 12. Lakini mfuko unaokizunguka kiungo cha bega unataka kutikiswa. Ukiutuliza mno unakauka na kujikunja, na mwisho unakuwa na mfupa uliopona ndani ya bega lililoganda. Anayeogopa maumivu na kulala na kanga miezi miwili anaharibu kwa upande mmoja. Anayerudi kubeba mikungu wiki ya tatu kwa sababu haumwi tena anaharibu kwa upande mwingine, maana maumivu huisha mapema kuliko mfupa unavyokomaa.

Njia ya katikati inatokana na hesabu ya wenzo. Nyoosha mkono mtupu mbele yako. Uzito wake uko kama sentimita 30 kutoka kwenye kiungo, lakini misuli inayouinua imeshika sentimita 3 tu kutoka hapo. Kwa hiyo inavuta mara 10: kilo 35 kwa mkono usio na kitu. Chukua ndoo ya lita 10 ukiwa umenyoosha hivyo na hesabu inatisha. Kunja kiwiko ukilete karibu na mwili, mzigo unashuka.

Ndiyo maana zoezi la kwanza halinyanyui kitu. Daktari atakapokuruhusu, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu, inama, shika meza kwa mkono mzima, acha ule mwingine uning'inie kama pendulamu, uyumbishe taratibu mbele na nyuma kwa kutumia mwili. Uzito wa mkono wenyewe unafungua kiungo na misuli imelala. Zoezi hilo linaitwa kwa jina la Ernest Amory Codman, daktari wa Boston aliyeandika kitabu kizima kuhusu bega mwaka 1934. Vidole, kifundo na kiwiko vichezeshe tangu siku ya kwanza. Baadaye simama mbele ya ukuta na tembeza vidole kupanda juu, weka alama ya mkaa ulipofika, kesho jaribu kuipita.

Kuimarisha misuli kunakuja baada ya mfupa kushika, kwa kawaida baada ya wiki 6, na kifaa chake unacho: ule mpira wa tairi unaofungia mikungu. Funga ncha moja kwenye nguzo, kiwiko kikae pembeni mwa kiuno, vuta kuelekea tumboni, kisha geuka uvute kutoka tumboni kwenda nje. Unafanyia kazi misuli midogo inayolibana chungwa kwenye kisahani, ambayo kunyanyua vitu vizito hakuifikii vizuri. Kwa kijana ambaye bega lake liliteguka hili si la hiari, maana mabega mengi ya vijana huteguka tena.

Mpira huo una historia yake, kwa kweli. Mwaka 1956 Mwitaliano Fiorenzo Magni alivunja mtulinga katika mbio za Giro d'Italia. Akafunga kipande cha mpira wa tairi kwenye usukani, akakiuma kwa meno ili avute bila kutumia bega, na akamaliza wa pili. Stori nzuri ya kijiweni, lakini Magni hakuwa na mikungu nyuma.

Chakula ni kile kile: maharage, dagaa, maziwa ambayo Rungwe hayakosekani. Sigara acha, inachelewesha mfupa kuunga.

Kabla ya kurudi barabarani, kaa juu ya baiskeli iliyosimama. Minya breki zote mbili kwa nguvu huku umeegemea usukani. Geuza shingo na bega uangalie nyuma. Mkono unyanyue hadi juu ya kichwa. Kama kimojawapo kinauma, isukume kwa miguu wiki nyingine. Mkungu wa kwanza apakie mwenzako, wewe shikilia tu, na uanze na mmoja.