Diwali ya Nyumba Yenye Dini Mbili
Mimi ni Mmakonde, Mkristo. Mume wangu ni Mhindu mwenye asili ya Gujarat. Sasa shoga, Diwali nyumbani tunafanyaje? Huangukia usiku usio na mwezi, Oktoba au Novemba, huku kwetu Mtwara msimu wa korosho umepamba moto. Mama mkwe husaga korosho za kupikia barfi. Mimi nafagia na kupanga taa za udongo mlangoni, za kumkaribisha Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema. Ibada ikianza nakaa pembeni. Hilo tulikubaliana na mume wangu kabla ya ndoa. Mwaka wa kwanza mama alinuna. Siku hizi taa ya kwanza ananiachia niwashe mimi, na Krismasi anakula pilau langu lisilo na nyama. Mwenzangu, kama dini ni mbili, semezaneni mapema. Mkinyamaza, ndugu watawasemea.