Kwa Nini Nati Hulegea Katika Mashine Zinazotetemeka

Katika vijiji na miji mingi ya Afrika Mashariki, mashine ya kusaga nafaka husikika kabla haijaonekana. Ndani ya sanduku lake la chuma mna mhimili wenye nyundo bapa, nao aghalabu huzunguka mara 3000 hivi kwa dakika. Nyundo hizo hulika kwa kazi. Zikilika sawasawa hapana dhara kubwa. Lakini ikiwa upande mmoja umepungukiwa na gramu 50 kuliko wa pili, umbali wa sentimita 20 kutoka katikati ya mhimili, basi kanuni ya mwendo wa duara (masi mara nusukipenyo mara mraba wa kasi ya pembe) hutoa kani ya Niutoni 990 hivi. Ni kama kwamba mtu wa kilo 100 ananing'inia kwenye mhimili huo na kuuvuta kila upande kwa zamu, mara 50 kwa kila sekunde. Kinachozuia mashine isisambaratike ni bolti chache zenye unene wa kidole.

Nati ikilegea, fundi huikaza. Ikilegea tena, huiwekea washa ya springi, na ikilegea mara ya tatu huongeza nati ya pili juu yake. Dawa hizi zimezoeleka mno, ingawa mara nyingi haziponyi, kwa sababu ugonjwa wenyewe haujatambuliwa.

Hapana budi kuanza na bolti yenyewe. Watu wengi huidhania kuwa ni kigingi kilichopitishwa tunduni ili kuzuia vipande viwili visiachane. Kwa kweli bolti iliyokazwa ni springi ngumu sana. Nati inapozungushwa, bolti hunyooka kidogo, na kwa kuwa inataka kurudi katika urefu wake wa awali, hubana vipande vilivyo kati ya kichwa na nati. Chukulia bolti ya milimita 12 yenye alama 8.8 kichwani. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hutoa mkazo wa kukatika, yaani Niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Ya pili huonyesha kuwa chuma hicho huanza kunyooka bila kurudi kinapofikia asilimia 80 ya kiasi hicho. Bolti hiyo inaweza kukazwa salama hadi ibane kwa kani ya Niutoni 36,000, ambayo ni sawa na uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 25, kazi hiyo hutaka kani ya Niutoni 320 hivi. Sehemu kubwa ya juhudi hiyo, takribani tisa ya kumi, humezwa na msuguano wa hesi na wa uso wa nati, na moja ya kumi tu ndiyo hunyoosha bolti. Ndiyo maana hesi iliyotiwa mafuta hukazika kupita kiasi kwa juhudi ile ile.

Sasa laiti hesi ingekunjuliwa, ingeonekana kuwa ni mteremko mrefu. Katika bolti hiyo ya milimita 12 mteremko huinuka kwa pembe ya digrii 3 tu, ilhali msuguano wa chuma kwa chuma ndani ya hesi hiyo ungeweza kuizuia nati hata kama pembe ingekaribia digrii 10. Kwa hesabu hiyo nati haina sababu ya kuteremka yenyewe. Hata hivyo huteremka.

Jibu lilitolewa mwaka 1969 na mhandisi Mjerumani Gerhard Junker. Kabla yake ilidhaniwa kuwa adui mkubwa ni mtetemo unaofuata urefu wa bolti. Junker alitengeneza chombo kinachosogeza vipande vilivyofungwa kwenda upande na upande, huku kikipima mkazo wa bolti, akaonyesha kuwa mwendo huo wa kukata njia ya bolti ndio unaoifungua nati upesi.

Mwanafunzi anaweza kuliona jambo hili darasani. Ubao wa sentimita 30 uinuliwe ncha moja kwa sentimita moja na nusu, na juu yake kiwekwe kipande cha mti. Kitatulia. Kisha ubao utikiswe kwa nguvu kulia na kushoto, bila kuuinua zaidi, hata kipande kianze kuteleza. Kitaonekana kikishuka hatua kwa hatua. Msuguano hupinga mwendo katika mwelekeo mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukishatumika kupinga mwendo wa upande, haubaki wa kuzuia mteremko.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kuchagua vifungio ni namna ya kuvizuia vipande visitelezeane, kabla ya kufikiria nati ya aina gani. Ikiwa kipimo cha msuguano ni 0.15, bolti moja iliyotajwa hupinga kani ya upande ya Niutoni 5400, ambayo ni zaidi ya mara tano ya ile ya nyundo zilizolika. Mashine ya kusaga yenye bolti nne za namna hiyo haikupaswa kulegea kamwe. Ikilegea, mkazo haukuwapo tangu mwanzo, au umepotea.

Nao hupotea kwa urahisi. Rangi nene chini ya nati husagika, kutu hupukutika, ubao husinyaa. Bolti yetu ikibana unene wa milimita 25, hunyooka milimita 0.05 tu, rangi ikipungua milimita 0.02, asilimia 40 ya mkazo imekwenda. Bolti ile ile ikibana unene wa milimita 100 hunyooka milimita 0.2, na hasara ni asilimia 10. Hivyo bolti ndefu na nyembamba hustahimili kuliko fupi na nene, na bushi ya chuma chini ya kichwa ni njia rahisi ya kuupata urefu huo. Washa ya springi haisaidii: hulazwa bapa kwa sehemu ndogo ya mkazo wa bolti, na tangu hapo ni washa kama nyingine.

Kwenye vinu vya kuponda mawe mashtuko hayaepukiki, na vipande vitateleza mara kwa mara. Huko yafaa kutumia pini za chuma zilizotoshea tunduni barabara ili zipokee kani ya upande, kisha nati ifungwe. Nati yenye nailoni haihifadhi mkazo, ila huzuia nati isidondoke. Isiwekwe karibu na bomba la moshi, kwani nailoni hulainika kwa joto. Gundi ya hesi, iliyobuniwa na Vernon Krieble wa Marekani katika miaka ya 1950, huganda inapokosa hewa kati ya vyuma na kujaza nafasi ya kutelezea. Washa pacha za kabari zina mteremko mkali kuliko wa hesi, hivyo nati ikijaribu kufunguka huzidi kuvuta bolti. Bolti ya alama 12.9 si lazima iwe bora. Ina nguvu zaidi, lakini hunyumbulika kidogo kabla ya kukatika.

Reli pia hupigwa na mashtuko kila treni ipitapo. Tarehe 10 Mei 2002 huko Potters Bar, Uingereza, treni iliacha njia kwenye makutano ya reli, na watu 7 wakafa. Nati za fito zinazoshika reli za kubadilishia njia zilikutwa zimefunguka. Tarehe 23 Februari 2007 huko Grayrigg kifungo cha fito ya namna hiyo kilifunguka, na abiria mmoja akafa.

Kwa mashine ya kusaga, rangi iondolewe mahali pa kubanwa na bolti zikazwe kwa spana ya kupimia. Mstari mwembamba wa rangi upigwe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya saa chache za kazi mashine izimwe na kukaguliwa: mstari uliokatika ni ishara kuwa nati imezunguka. Mstari mzima hausemi lolote juu ya mkazo uliopotea bila nati kuzunguka. Huo hujulikana kwa spana tu.