Picha 36 Tu: Vile Kamera ya Filamu Ilinirudishia Stimu

Simu yangu iko na picha zaidi ya elfu nne na sijai rudi kuangalia hata nusu. Tangu niache chuo, kupiga picha kulikuwa kumekufa kabisa. Juzi nikachomoa kamera ya mzee kwa sanduku, zile za filamu.

Iko hivi: roli ya 35mm ina picha 36. Hakuna kufuta. Filamu imepakwa chembe za madini ya fedha zinazoshika mwanga, na huoni kitu hadi ioshwe. So kabla ubonyeze lazima ufikirie: mwanga unatoka wapi? Hii kitu inafaa hiyo doh? Hapo ndo akili yangu iliamka.

Lakini manze, roli ya kwanza nilimpiga shosho ocha, amevaa leso ya Krismasi, akapozi fiti. Ikarudi tupu. Filamu haikuwa imeshika ndani.

Ukiweka yako, ikaze kidogo, halafu ukivuta ya picha inayofuata cheki kile kidude cha kurudishia filamu, juu kushoto. Kikizunguka, filamu inasonga. Kikitulia, msee, unapiga hewa.

Shosho bado anauliza picha zake. Wikendi naenda ocha na roli mpya.